Usiporudi Jioni, Nani Atakutafuta?

Alizaliwa lini sijui, na nikimuuliza habari za ukoo wake alikuwa ananikata kwa swali jingine. Pale kanisani tulimwita Mzee wa Wageni, basi. Lilikuwa jina la kazi, na kwa miaka yote niliyokaa karibu naye sikusikia mtu akimwita jingine. Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la kaki alilopewa na bwana wake mzungu, pana hadi mikono ilimeza vidole. Viatu vyake vya raba alivipaka chaki kila Jumamosi. Ukimkaribia ulisikia harufu ya vitunguu na siagi, kwa sababu alikuwa mpishi wa wazungu kule Woodley.

Lakini upishi ulikuwa wa kumpa mshahara tu. Kazi yake hasa ilikuwa sisi. Miaka ile ya hamsini watu wa kwetu magharibi walikuwa wakimwagika Nairobi kwa gari la moshi la Kisumu, na wengi hawakujua hata upande wa kugeukia wakishatoka steshini. Kanisa letu lilikuwa jengo la mabati huko Kawangware, na lilikuwa na desturi ambayo nadhani tuliitoa nyumbani. Kabla ya mahubiri, mchungaji alisema wageni wasimame. Wakasimama, mmoja mmoja akataja anakotoka, akatoa salamu za huko, akaketi. Ibada ikiisha, Mzee wa Wageni alichukua kofia yake, akawafuata mlangoni, akawaambia nani atalala wapi. Hakuna aliyembishia, hata mchungaji.

Mimi alinipokea steshini. Nilishuka na mwanangu Rebeka mgongoni, kikapu mkononi na kuku chini ya kwapa, nikimtafuta mume wangu ambaye alikuwa amechelewa kazini kwenye karakana ya mbao. Nikaona mzee huyu anakuja moja kwa moja. Hakunisalimu kwanza. Alichukua yule kuku. Nikadhani nimeshakutana na mwizi wa Nairobi niliyeonywa, nikataka kupiga kelele, ndipo akaniambia kwa lugha ya kwetu kwamba mtu mwenye kuku kwapani anaonekana mgeni toka mbali, na kwamba mzigo wangu nitaubeba mwenyewe, asante. Ndivyo alivyofanya kwa wote. Hakubeba mzigo wa mtu hata siku moja, lakini kuku alibeba.

Tukatoka naye kupita katikati ya mji. Sikuwa nimeona ghorofa maishani mwangu, na shingo ikanigeuka yenyewe. Akanivuta mkono. Alisema nitembee kama nimetumwa. Ukisimama kushangaa, alisema, unaibiwa, na askari anakuuliza pasi ya kukaa mjini. Ukitembea kama umetumwa hata mzungu anakupisha. Basi tukapita Government Road, tukapita kwa Wahindi wenye vitambaa vinavyoning'inia hadi barabarani, tukapita River Road, nami natazama mbele kama ng'ombe anayekwenda mnadani, macho yananiuma kwa hamu ya kugeuka. Mpaka leo nikienda mjini natembea hivyo, na wajukuu wananicheka.

Alikuwa na maswali matatu, na kwa hayo alijua kukuweka. La kwanza: unatoka wapi. La pili: una siku ngapi. Hili la pili liliwaudhi watu sana. Kwetu mgeni haulizwi ataondoka lini. Ni kama kumfungulia mlango na kumshikia ufagio mbele. Mgeni anakula, anakaa, siku yake ikifika anaaga mwenyewe. Lakini mji ulikuwa na pasi, na vyumba vilikuwa vidogo, na Mzee wa Wageni aliuliza bila haya. Akina mama wakubwa walimnung'unikia kwamba mji umemharibu adabu. Yeye aliwajibu kwamba adabu zake ziko nyumbani, akistaafu atazikuta.

La tatu aliliuliza kwa sauti ya chini, kofia mkononi. "Usiporudi jioni, nani atakutafuta?"

Watu walishtuka kidogo, kisha wakataja jina. Binamu, shemeji, mtu wa kijiji kimoja. Wengine waliona haya kusema hawana mtu, wakatunga jina hapo hapo, naye alijua wanatunga. Mwenye mtu wa kumtafuta alimruhusu akae popote. Asiye na mtu alimpeleka mahali ambapo jirani hulala mlango wazi.

Mitaa yote aliijua, lakini haikuwa elimu ya kujivunia, ilikuwa zaidi kama mtu mwenye maoni juu ya shemeji zake. River Road, alisema, lala huko kama unaondoka kesho. Kaloleni ni nyumba nzuri za mawe, nenda Jumapili ukatembee, uone watoto wamevaa soksi, halafu urudi kwako, kwa maana chumba huko hupati mpaka uzeeke. Pumwani ni kwa mtu anayependa watu. Kule hakuna anayekuuliza kabila lako, lakini ukikohoa nyumba ya tatu wanakuambia pole. Kariokor usimpeleke dada yako. Kibera kwa Wanubi kuna uwanja na miti, na kuna kile kinywaji chao kikali, kwa hiyo alipeleka huko watu wa aina mbili: walioshika dini kabisa, na walevi kabisa. Yeye mwenyewe hakuonja tone, lakini mlevi alimweka karibu na pombe makusudi. "Huyu atakunywa tu," aliniambia. "Heri anywe hatua mbili kutoka kitandani."

Uthiru aliisema vizuri, kuna baridi na kuku na watu wanaolima, lakini ni mbali. Kawangware, ambako alituweka mimi na mume wangu, aliisema ina matope na giza na maji ya mto. Faida yake ilikuwa moja, kwamba mwenye nyumba anakaa kiwanja hicho hicho, na asubuhi usipotoka anagonga. Na kweli. Mama mwenye nyumba wetu alikuwa Mkikuyu, mumewe amechukuliwa na serikali wakati ule wa Hali ya Hatari na hajulikani atarudi lini. Mama yule alikuwa anahesabu wapangaji wake kila jioni kwa macho, akiwa ameketi mlangoni na ungo wa maharagwe. Alituhesabu sote, kisha akabaki anatazama barabara.

Na Woodley je, pale unapokaa wewe? Nilimuuliza siku moja. Akasema Woodley ni mahali pa kufanya kazi, si pa kukaa. Alisema kama anavyosema mtu habari za chumba asichokijua.

Usidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu, aliimba besi vibaya na kwa nguvu, na alikosea. Kosa lake kubwa lilitufanya tucheke mwaka mzima. Alimpokea mama mmoja mtu mzima kutoka nyumbani, akamuuliza maswali yake yote, akampeleka kulala kwa kijana mmoja wa kanisa letu mwenye chumba kimoja na mke mpya. Hakuuliza mama yule ni nani kwa mke wa kijana. Alikuwa mama yake mzazi. Basi, kwetu mwanamume hawezi kulala paa moja na mkwewe, hata kula mbele yake hawezi. Yule mama alipofika mlangoni na kumwona mkwe wake ndani na bakuli la uji, kila mmoja aligeuza uso ukutani, na hakuna aliyeweza kupita kwa sababu mlango ulikuwa mmoja. Mwishowe kijana alitoka kupitia dirisha. Alilala kwenye mabenchi ya kanisa mpaka mkwe akaondoka, na Mzee wa Wageni alikuwa anampelekea blanketi na mkate, kimya, kama mtu aliyefiwa. Tangu siku hiyo, kabla ya maswali matatu, alikuwa anauliza kwanza kama kuna mkwe.

Kitu kingine. Hakula kwa mtu. Aliingia nyumba zetu zote, akaketi kwenye kiti ulichompa, akacheza na watoto, na chakula kikija alisema amekula kazini. Mpishi anashiba kwa harufu, alikuwa anasema. Nilipika kila kitu. Nilimpikia kuku kwa sima ya wimbi, nikamwekea mboga za mrenda, akatazama sahani ile mpaka nikaona koo lake linapanda na kushuka, akasimama akaaga. Nikakasirika. Nikamwambia mume wangu kwamba huyu mzee anatudharau kwa sababu anakula vya wazungu. Mume wangu, mtu wa maneno machache, aliniambia nifikiri vizuri: akila kwetu, siku moja nasi tutataka kula kwake. Ndipo nilipotambua kwamba katika watu wote wa kanisa lile, hakuna aliyewahi kuona mahali anapolala Mzee wa Wageni.

Alikuwa na mke. Alimtaja kila mara, mama watoto hivi, mama watoto vile, na tangu nilipomjua alikuwa katika mpango wa kumleta Nairobi kutembea. Hiyo ndiyo ilikuwa shughuli ya moyo wake. Alhamisi mchana, siku yake ya kupumzika, alikuwa ananipitia tukaangalie chumba. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, mwanamume anaangalia paa na mwanamke anaangalia jirani. Tulitembea. Rebeka mgongoni, kisha Rebeka akitembea, kisha mdogo wake mgongoni. Tulienda Kangemi, tukaenda Uthiru, tukashuka Dagoretti, tukarudi. Kila chumba kilikuwa na neno. Hiki kiko karibu na kilabu cha pombe. Hiki bomba liko mbali, mama watoto anaumwa goti. Kile kina jirani mwenye ulimi. Mara moja tulipata chumba safi kabisa pale Kangemi, sakafu ya simenti, mwenye nyumba mzee mcha Mungu, nami nikasema hapa ndipo. Akazunguka, akagusa ukuta, akasimama dirishani muda mrefu. Akasema dirisha linatazama barabara, mama watoto atakuwa anakaa pale siku nzima kumsubiri atoke kazini, naye anatoka Alhamisi na Jumapili tu. Akavaa kofia.

Akina mama kanisani wakaanza kumtania. Huyo mke yuko kweli, au ni wa hadithi? Yeye alicheka nao. Mimi sikucheka, maana nilijua upweke wa mwanamke anayesubiri mume wa Nairobi. Nilikaa nyumbani hivyo kabla sijaletwa, na ulikuwa unaniingia mifupani.

Basi mke mwenyewe akaja. Hakuitwa na hakungoja chumba. Jumapili moja mchungaji alisema wageni wasimame, na nyuma kabisa, upande wa wanawake, akasimama mama mmoja mkavu, kitambaa cha kijani kichwani, goti moja amelifunga kitambaa. Akataja kijiji. Akatoa salamu za kanisa la huko, vizuri, bila haraka. Kisha akasema amekuja kumwona baba wa watoto wake.

Mchungaji akauliza ni nani. Mama yule hakujibu, alitazama tu benchi la mbele. Na pale mbele Mzee wa Wageni alikuwa tayari amesimama, kofia mkononi, kwa mazoea tu, kama alivyosimama kila Jumapili mgeni akimaliza kusema. Alikuwa hajageuka bado. Alipogeuka nilimwona akimtambua. Alitembea mpaka kwake katikati ya kanisa, na midomo yake ikafanya ile kazi iliyoizoea.

"Una siku ngapi?" akamuuliza.

Haki ya Mungu ningeweza kumpiga. Wanawake waliguna benchi nzima. Mke wake alimtazama tu, bila hasira.

"Zile utanipa," akasema.

Swali la tatu hakuliuliza. Alisimama akizungusha kofia, kisha akanitafuta kwa macho kwenye mabenchi ya wanawake, akasema kwa sauti ya kazi kwamba huyu atalala kwa Mama Rebeka.

Akalala kwangu. Mume wangu alihamia kwa rafiki yake, nami nikalala kitanda kimoja na mama yule kwa muda wote aliokaa. Alikuwa mtu mzuri, mwenye mzaha wa chini chini. Aliamka mapema kuliko mimi, akachota maji na lile goti lake, akapatana na mama mwenye nyumba ingawa hawakuwa na lugha moja; walichambua maharagwe pamoja, mmoja akizungumza Kikikuyu na mwingine lugha ya kwetu, na jioni wote wawili walitazama barabara.

Mumewe alimtembeza. Sijui aliombaje ruhusa, lakini alikuja mara nyingi kuliko alivyoweza kuja siku za kawaida. Alimpeleka mjini akaone maghorofa, na nasikia yeye alimruhusu kusimama na kushangaa anavyotaka. Alimpeleka steshini, akamwonyesha Kaloleni na watoto wenye soksi, akampeleka Uthiru mpaka akarudi na kabichi. Kila jioni alimrudisha kwangu, akaaga mlangoni, akashika njia ya Woodley peke yake.

Usiku wa pili kutoka mwisho, tukiwa tumelala giza limeingia tu, mama yule akaniambia, "Amenionyesha kila mahali watu wanalala. Mimi nimekuja kuona pale yeye analala."

Nikamuuliza kama alimwambia hivyo. Akasema alimwambia siku ya kwanza, na ya pili, kisha akaacha.

Kesho yake nilimvizia mzee njiani kabla hajafika, nikamwambia wazi wazi. Nilimwambia mwanamke hajasafiri siku nzima na goti bovu ili aone kabichi. Akasimama. Alisema memsahibu, mke wa bwana wake, hataki wageni kwenye kota za watumishi, hata mke, amekataza. Nikamwambia memsahibu ana kichwa kimoja na macho mawili kama mimi, mkewe apitishwe nyuma ya ua, aone, atoke. Kisha akasema kwa sauti nisiyoijua kwamba ile kota ni nusu, nusu nyingine ni kuni na makaa, na kitanda chake ni mlango wa zamani aliouweka juu ya matofali.

"Akiona pale," akasema, "kila akizima taa nyumbani ataniona mle. Sasa hivi anadhani niko mahali pazuri. Wacha adhani."

Mama watoto aliondoka kesho yake na gari la jioni, bila kupaona. Mume wake alimbebea kila kitu siku ile, mzigo na kikapu na kabichi.

Baada ya hapo aliendelea na kazi yake ya wageni kama kawaida, ila hakunipitia tena Alhamisi tukatafute chumba. Akawa anakwenda peke yake pale kwenye maduka mapya ya Adams, anakaa kwenye benchi la kungoja basi bila kupanda basi. Nilimwona mara kadhaa nikienda kununua nyuzi. Alikuwa ananisalimu vizuri, anauliza watoto, basi.

Mwishoni mwa miaka ile bwana wake alirudi kwao Ulaya. Waliochukua nyumba walikuja na mpishi wao. Kanisa likamuaga Mzee wa Wageni kwa nyimbo na blanketi, mchungaji akasema sasa mtumishi huyu anakwenda kupumzika kwake, na mimi nikalia, nikafurahi pia. Nikamwona akilini ameketi chini ya paa lake, anakula mbele za watu.

Haukupita mwaka. Jumapili moja ya mvua mchungaji alisema wageni wasimame, na nyuma upande wa wanaume akasimama mtu mwenye koti la kaki. Viatu havikupakwa chaki. Kanisa zima liligeuka, na watu wakaanza kutabasamu wakidhani anafanya mzaha. Hakuwa na mzaha. Alitaja kijiji, akatoa salamu, akaketi kama mgeni yeyote.

Aliyekuwa amechukua kazi yake alikuwa karani kijana ambaye Mzee mwenyewe alimpokea steshini zamani, akambebea kuku. Kijana alimfuata mlangoni ibada ilipoisha. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hakuna aliyeweza kutoka, kwa hiyo sote tulikuwa pale. Yule kijana aliona haya, akasema Mzee, wewe hakuna haja ya maswali. Mzee akamwambia aulize. Kazi ni kazi.

Akauliza anatoka wapi. Akajibu, nyumbani. Akauliza ana siku ngapi. Akajibu hajui.

"Usiporudi jioni," kijana akasema, akakohoa, "nani atakutafuta?"

Nimeshasema watu walikuwa wanatunga jina. Yeye hakutunga. Alifikiri kwa kweli, kama mtu anayepekua mifuko, akasema, "Hakuna."

"Mimi," nikasema. Nilikuwa na mtoto mgongoni na Biblia kichwani kuzuia matone ya bati lililovuja, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Anakuja kwangu."

Siku hiyo alikula. Nilimpikia mrenda na sima ya wimbi, akanawa mikono, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole, na mimi na mume wangu tulijifanya hatuoni. Kisha akatueleza. Mke wake alimpokea vizuri sana. Alichinja kuku. Alimtandikia kitanda katika nyumba ya mtoto wao mkubwa ambaye hajaoa, mahali pa wageni, kwa sababu ndiko alikolala siku zote akija likizo. Akampa maji ya kuoga ya moto. Watoto wakaja kumsalimu, wakavua kofia. Siku zikapita, zikapita, na asubuhi moja akimletea chai, mama watoto alimuuliza kwa upole kabisa, bila ubaya wowote.

"Alisema, una siku ngapi?" Mzee alitazama mikono yake. "Nilitaka nimwambie zote. Mdomo ukakataa. Nikamwambia wiki moja. Wiki ikaisha, nikaaga."

Kumbe alikuwa ameaga nyumbani kwake kama mtu aliyemaliza likizo, akapanda gari la moshi kurudi Nairobi ambako hakuwa na kazi wala kota.

Kesho yake alitoka asubuhi. Alisema anakwenda kutembea. Jua likaanza kushuka, mama mwenye nyumba akatuhesabu kwa macho mlangoni pake, akanionyesha kwa kidole kwamba mmoja amepungua. Nikamwachia Rebeka wadogo zake, nikajifunga leso, nikatoka. Nilijua pa kwenda. Nilishuka njia ya matope mpaka Ngong Road, nikapita ua wa Woodley ambapo taa za wazungu zilikuwa zinawashwa, nikafika pale Adams. Alikuwa kwenye benchi la basi, kofia magotini.

Alisogea kunipa nafasi.

"Umekuja kweli," akasema.

Nikamwambia nilisema nitamtafuta. Nikaketi kando yake kwa sababu miguu ilikuwa inaniuma. Basi likaja, watu wakapanda, likaondoka. Akaniuliza, pole pole, kama hataki jibu, ikiwa nadhani mama watoto naye angekuja kumtafuta.

"Alikuja, Mzee," nikamwambia. "Ulimlaza kwangu."

Tulirudi Kawangware giza likishashika, akala tena, akalala. Alhamisi nilimsindikiza steshini arudi kwa mama watoto. Alipaka viatu chaki asubuhi ile, mbele ya mlango wangu, na katikati ya mji tulitembea polepole, akasimama kila alipotaka. Alipopata kiti dirishani nikamuuliza atajibu nini akiulizwa tena ana siku ngapi. Akafungua mdomo, akaufunga. Akajaribu.

"Zote," akasema.

Nikamwambia sauti ni ndogo, goti bovu la mama watoto nalijua lakini masikio yake siyajui, aseme tena. Akasema tena. Gari likaanza kusogea, na yule mzee aliyeniambia nitembee kama nimetumwa alikuwa bado dirishani anajifunza neno lile, midomo inatembea, mpaka nikawa simwoni tena.